Mita Kumi na Mbili Zisizo na Chumvi

Kufikia saa tatu asubuhi Sajini Alfons Pircher alikuwa amelamba theluji mara thelathini na tisa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyedhulumiwa.

"Chumvi," alisema, akatema mate kando.

Inspekta Rosina Thurner aliandika. Utepe wa kupimia ulikuwa umelazwa kutoka juu ya mteremko wa mbio hadi mdomo wa kilima cha theluji cha kurukia, mita sitini kamili, na kila mita ilikuwa na mfuko wake mdogo wa plastiki.

"Daktari wangu alinikataza chumvi tangu Februari," Pircher alisema. "Presha."

"Alikukataza kumeza. Kulamba hakukutaja. Mita ya arobaini."

Pircher alipiga goti, akakwangua kwa kijiko, akaonja. "Chumvi."

"Arobaini na moja."

Alionja. Akatulia. Akachota tena, safari hii mbali kidogo na utepe.

"Hapa hamna kitu, Rosina. Maji matupu."

Inspekta alishuka kwa tahadhari, akachukua kijiko, akaonja mwenyewe. Halafu akatazama juu, kwenye kigongo cha mwamba upande wa mashariki. Jua lilikuwa bado nyuma yake. Likishavuka kigongo hicho, saa nne au saa nne na robo, lingeanza kuula ushahidi wake wote, na kufikia saa nane mchana kilima kizima kingekuwa uji.

"Harakisha," alisema.

Siku iliyotangulia, saa tano na dakika tano, Severin Auderer aliteremka mbio kwenye njia hiyohiyo akiwa juu ya ubao wake wa kutelezea theluji. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, bingwa wa mlima wa Grauferner kwa misimu mitano, na watu kama elfu moja walikuwa wamesimama pembeni na bia zao kumtazama. Ilikuwa wiki ya tatu ya Mei. Bondeni watu walikuwa wanakata majani ya ng'ombe, na wapenzi wa ubao kutoka Munich, Praha na Oslo walikuwa wamepanda huku kwa sababu ndiko theluji ilikobaki. Severin alifika mdomoni mwa kilima akiwa na mwendo pungufu. Badala ya kutua kwenye mteremko wa upande wa pili, alidondoka kwenye bega la kilima, palipo tambarare na pagumu kama meza ya mchinjaji. Nyonga ilivunjika, na pingili mbili za mgongo. Madaktari mjini walikuwa hawajasema kama atatembea.

Kila mtu alisema ni ajali. Kila mtu vilevile alisema, kwa sauti ya chini, kwamba si ajali, ni Afra.

Pircher aliendelea kulamba. Arobaini na mbili, maji. Arobaini na tano, maji. Hamsini na mbili, maji. Hamsini na tatu alikunja uso.

"Chumvi imerudi."

Na ikabaki mpaka mdomoni, mita ya sitini.

Thurner alifunga daftari. Chumvi haimwagwi kwenye kilima kwa urembo. Theluji ya Mei ikipigwa na jua hulainika na kuushika ubao kama ulimi wa ng'ombe unavyoshika jiwe la chumvi. Ukiimwagia chumvi alfajiri, hukaza, na ubao huteleza saa kadhaa mbele. Mita kumi na mbili bila chumvi, karibu kabisa na mdomo, ni mtego.

"Mtu alisahau," Pircher alisema.

"Mtu anayesahau husahau mwisho. Huyu ameacha katikati, akamalizia mwisho vizuri ili ukisimama mdomoni uone mambo safi. Mfuko wa pili wa chumvi ulikuwa kwenye banda la zana, sivyo?"

"Nusu umejaa. Nimeupiga picha."

"Basi haikumwishia." Alifungua pini za utepe. "Lete mifuko yako. Usimwambie mtu ulicholamba wala ulipolambia."

"Nimwambie nani? Mke wangu ataniua."

*

Karakana ya Afra Lechner ilikuwa chini ya kituo cha behewa la kebo. Ilinuka nta iliyoyeyuka na kahawa. Afra alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mikono imejaa makovu ya pasi ya moto, na hakuacha kazi Inspekta alipoingia.

"Nilikutegemea jana, Rosina," alisema. Huku juu mlimani, miti isikoota, hakuna bwana wala bibi. Hata waziri akipanda, huitwa kwa jina alilobatizwa. "Umechelewa. Kwenye behewa wameshanihukumu, wameshaninyonga."

"Wanasema nini?"

"Wanasema Severin aliniacha Mwaka Mpya akamchukua yule wa Salzburg, na mimi ndiye ninayempaka nta ubao wake. Mwanamke aliyeachwa ameshika nta. Hata mimi ningesema."

"Ulimwonea wivu?"

"Nilimwonea yule msichana. Hadi Pasaka nilikuwa namwombea chunusi." Aliweka pasi chini. "Halafu nikachoka. Wivu una gharama, na mimi nina mbao arobaini kwa siku."

Ubao wa Severin ulikuwa ukutani, umefungwa utepe wa polisi. Thurner aliukata, akaulaza chali mezani, akatoa kisu kidogo na kukwangua tumbo la ubao, sehemu tano. Makombo yakajikunja kwenye karatasi nyeupe. Yalikuwa ya manjano.

Pircher aliinama. "Manjano ni ya wapi?"

"Ya theluji ya maji," Afra alisema. "Ya baridi ni ya buluu. Ningetaka ubao wake unase theluji ningempaka buluu, na wewe ungekuwa unakwangua buluu sasa hivi. Na hiyo mistari myembamba unayoiona, niliichonga kwa mkono, ili maji yakimbie. Saa nzima. Kwa mtu aliyeniacha. Kaandike na hilo."

Thurner aliandika. Nta ilikuwa sahihi. Ubao ulikuwa sawa. Ni theluji iliyokuwa mbaya.

Alikuwa anageuka kutoka alipoona ubao mwingine juu ya meza ya pembeni, mrefu, wa mtu mzito. Tumbo lake lilikuwa kavu na jeupejeupe kama midomo ya mtu wa jangwani.

"Huu wa nani?"

"Wa Kassian. Mtoto wa Gebhard."

Gebhard Falkner ndiye fundi wa vilima wa Grauferner. Kila kilima cha kurukia kwa miaka kumi na moja kilikuwa cha koleo lake. Kassian, mwanawe wa miaka ishirini na mitano, alikuwa wa pili kwa ubora baada ya Severin. Misimu mitano, wa pili.

"Aliuleta lini?"

"Jumatatu asubuhi, niupake nta. Siku hiyo nilikuwa namalizia kile kibao." Alionyesha kwa kidevu. Nje ya dirisha, kwenye lundo la theluji chafu, kulikuwa na kibao cha mbao kilichochongwa herufi nene: KILIMA CHA SEVERIN. "Akakitazama. Akaniuliza kama baba yake ameshakiona. Nikamwambia, baba yako ndiye aliyekiagiza. Yeye ndiye aliyewaendea wakubwa wa hoteli ya huku mlimani akaomba kilima kipewe jina."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Akaondoka, ubao akauacha. Jana ameteremka na wa kuazima."

Pircher alipiga mluzi. "Mrukaji kuacha ubao wake bila nta wiki ya mwisho. Mimi hata koti langu la mvua silisahau hivyo."

"Swali moja," Thurner alisema. "Severin ana kilo ngapi?"

"Sabini na moja. Mimi ndiye ninayempimia vifungo vya miguu."

"Na Kassian?"

"Themanini na nane. Ndiyo shida yake. Vilima vya baba yake vyote vimepimwa kwa Severin. Mzito akiteremka pale anapita mbio mno. Kila akiruka lazima abane ubao kidogo njiani, la sivyo anatua karibu na choo cha hoteli. Watu hudhani anaogopa."

*

Walimkuta Gebhard Falkner kwenye banda la zana, ameketi juu ya ndoo, mguu wa kulia umenyooshwa na fimbo ya kutembelea kando yake. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na uso uliobabuka kwa jua, isipokuwa pale penye alama ya miwani. Alikuwa na kipande cha nyama kavu na mkate mweusi mapajani, havijaguswa.

Nyuma yake ukutani kulikuwa na michoro ya vilima, kila mwaka na wake, imepigwa misumari. Mchoro mmoja ulikuwa mpya, umechorwa kwa penseli na kufutwafutwa mara nyingi. Thurner aliusoma wakati Pircher anatafuta pa kukaa.

"Goti vipi, Gebhard?"

"Lilipasuliwa Januari. Linaniambia habari za hali ya hewa kabla ya redio." Alimtazama. "Umekuja kwa ajili ya Severin."

"Nani alimwaga chumvi jana?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu. Kabla ya jua, kama siku zote." Alivuta pumzi. "Sikiliza, Rosina. Sitakuzungusha. Chumvi iliniishia. Nilifika mwisho, pale mdomoni, mfuko ukawa mtupu, goti likawa linaniuma, nikaona uvivu kurudi bandani. Nikasema patatosha. Hapakutosha. Ni uzembe wangu. Andika, nisaini, umwache kila mtu aende zake."

Pircher alifungua mdomo. Thurner akamtazama, naye akaufunga.

"Chumvi ilikosekana mdomoni?"

"Mdomoni kabisa. Mita nane, tisa."

"Una hakika?"

"Nilimwaga mwenyewe."

Thurner alivuta kreti, akaketi mkabala naye, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Alfons amelamba kilima chako chote, mita kwa mita," alisema. "Mdomoni kuna chumvi. Tena nyingi. Inakosekana juu zaidi, mita kumi na mbili. Na mfuko wa pili uko pale nyuma yako, nusu umejaa."

Gebhard hakugeuka kuutazama mfuko.

"Labda nimesahau."

"Mfuko una kilo ishirini na tano. Ulishuka nao mteremkoni alfajiri, kwenye theluji iliyoganda kama kioo, na goti hilo na fimbo hiyo. Sikuona tundu moja la fimbo kwenye njia yote. Jana usiku iliganda, ikahifadhi kila alama. Nyayo za viatu zipo, za mtu mmoja, mguu mkubwa. Za fimbo hazipo."

Nje, mbali, injini ya trekta la theluji iliwaka.

"Kilima kilibatizwa jana," Thurner aliendelea. "Nambie mimi sheria yake, maana nimewasikia wengine wakiisimulia vibaya."

Gebhard alijibu polepole, kwa sababu hilo hakuwa na uwezo wa kulidanganyia. "Aliyemwaga chumvi huruka wa kwanza. Kama amekosea, avunjike yeye. Wa pili ni mwenye jina. Kabla ya hao wawili kamba haifunguliwi kwa mtu."

"Miaka kumi na moja umeruka wa kwanza?"

"Kila mara."

"Jana aliruka nani wa kwanza?"

Mzee alichukua mkate, akautazama, akaurudisha.

"Watu sita wameniambia," Thurner alisema. "Nilitaka nisikie kwako."

"Aliruka kwa niaba yangu. Kwa ajili ya goti."

"Sheria yako haina niaba. Ingekuwa nayo, nani angeiogopa?" Alisimama. "Kassian aliruka saa mbili asubuhi, akatua vizuri, watu wakapiga makofi, na hapo ndipo kila mtu alipopata uhakika kwamba kilima ni salama. Saa mbili theluji yote ilikuwa chuma, yenye chumvi na isiyo na chumvi. Jua linafika pale saa nne. Na Severin, Grauferner nzima inajua, haamki kabla ya saa nne hata nyumba ikiungua."

Injini nje ilibadilisha sauti. Ilikuwa inapanda.

"Alfons," Thurner alisema, "nani ameruhusu trekta?"

Pircher alikuwa tayari mlangoni. "Linaelekea kilimani."

*

Saa tano kamili jua lilikuwa limeshavuka kigongo na mteremko wote ulikuwa unang'aa. Trekta la theluji lilisimama mita ishirini kutoka mdomo wa kilima, bamba lake la mbele limeinuliwa, kwa sababu Inspekta Rosina Thurner alikuwa amesimama mbele yake mikono mifukoni.

Mlango ulifunguka. Kassian Falkner aliteremka. Alikuwa mkubwa kuliko baba yake, mabega mapana, miwani juu ya kofia.

"Toka hapo, Rosina. Theluji inakufa. Lazima niisawazishe kabla haijamwangusha mtu mwingine."

"Nani amekuagiza?"

"Hakuna anayehitaji kuniagiza."

"Subiri dakika tano. Nataka saa ileile aliyoanguka Severin."

Alitembea hadi kwenye njia ya mbio, akakanyaga kwa kisigino kwenye mita ya thelathini na tano. Hakikuzama. Mita ya thelathini na nane, hakikuzama. Aliposhusha kisigino mita ya arobaini na tano, kiatu kilizama hadi kwenye kamba. Alikitoa, kikatoa sauti ya busu. Mita ya hamsini na nne, pagumu tena.

"Njoo ujaribu," alimwambia Kassian.

"Naona."

"Kilikuwa salama, uliwaambia watu."

"Niliruka mwenyewe. Wa kwanza. Kama ningekuwa nimetega ningejitega mimi?"

"Saa mbili."

"Saa mbili, saa tano, kilima ni kilekile."

"Jua halikubaliani nawe."

Gebhard alifika wakati huo, anahema, fimbo ikizama kila hatua na kuacha matundu nyuma yake hadi bandani. Pircher alikuwa amemshika kiwiko na mzee alikuwa anajaribu kukipokonya.

"Nimeshamwambia," Gebhard alisema. "Kassian, nyamaza. Nimeshamwambia ni mimi. Chumvi ni mimi niliyemwaga."

Kassian alimgeukia baba yake. Akacheka, kicheko kifupi, kikavu.

"Wewe?"

"Mimi. Goti liliniuma, nikaacha—"

"Hata hili?" Kassian alisema. "Hata hili unataka liwe lako? Miaka mitano unanijengea vilima vya kipimo cha mtoto wa mtu mwingine. Nabana ubao kila siku njiani, watu wananiita mwoga, wewe unasimama pale na saa yako mkononi unahesabu sekunde za Severin. Unaenda kumwombea jina. Mimi nimebeba chumvi msimu mzima badala yako, mifuko mia, na leo hata chumvi unasema umemwaga wewe."

"Kassian."

"Nilimwaga mimi. Nikahesabu hatua kumi na mbili, nikaziacha. Nilitaka atue chini, ajikung'ute, achekwe. Mara moja tu achekwe mtu mwingine." Alijifuta uso kwa mkono. "Sikutaka mgongo."

Maji yalikuwa yanatiririka chini ya kilima. Pircher aliandika saa: tano na dakika saba.

Thurner alitoa ndani ya koti lake karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na matundu ya misumari pembeni. Gebhard aliitambua kabla haijakunjuliwa, akanyoosha mkono.

"Hiyo acha. Hiyo haina kesi."

"Ina swali," Thurner alisema. "Mchoro wa kilima cha msimu ujao. Mteremko wa mbio umefupishwa mita tano, sehemu ya kutua imerefushwa. Pembeni umeandika uzito wa mrukaji. Severin ana kilo sabini na moja, Gebhard. Hapa umeandika themanini na nane."

Kassian aliacha kufuta uso.

"Alikuja kwangu mwezi Machi," Gebhard alisema. Alikuwa anaiambia theluji. "Severin. Akasema msimu huu ni wa mwisho, anahamia Salzburg na yule msichana, baba mkwe ana hoteli. Akaniomba nisimwambie mtu mpaka aruke. Angetangaza mwenyewe, palepale, mbele ya watu. Nikasema basi tumpe kibao, aende nacho moyoni. Mtu anayeondoka hupewa kitu." Aligonga fimbo chini, ikazama. "Na anayebaki hupewa kilima."

Thurner alimpa Kassian karatasi. Kijana aliishika kwa mikono miwili. Aliisoma kuanzia juu, polepole, vipimo vyote, kama mtu anayetafuta kosa. Jua liliipiga na mistari ya penseli ikaonekana vizuri, pamoja na ile iliyofutwa na kuchorwa upya.

"Ulichora lini?" aliuliza.

"Machi. Usiku uleule."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniomba. Na nilitaka uone siku ile. Nilitaka nikuone ukiona."

Kassian aliikunja karatasi mara nne, kwenye mikunjo yake ileile, akairudisha kwa baba yake. Gebhard hakuipokea. Ikabaki katikati yao.

Thurner alisubiri kadiri kazi ilivyomruhusu. Kisha akafungua kifungo cha mfuko wenye pingu, na kwa mara ya kwanza tangu apande mlima huo hakutumia jina la ubatizo.

"Bwana Falkner," alisema. "Twende."

Wote wawili walipiga hatua.